Mizani Kwanza, Akili Baadaye

Dhana inayostahili kung'olewa mapema ni ile inayoupima ubongo wa mtu kwa mali yake. Mjini inauzwa na wahamasishaji, wanaohubiri kwamba maskini ni maskini kwa sababu anawaza kimaskini. Kijiji cha Sapiwi, Bariadi, kama kwingineko Usukumani, kina pacha wake: ndagu, madai kwamba mwenye ng'ombe wengi kawapata kwa mganga. Upuuzi huu wa pili umeua. Tamaa ya dawa za utajiri ilichochea mauaji ya watu wenye ualbino Kanda ya Ziwa.

Akili ina faida yake, hilo sipingi. Mwaka 2007 mtafiti Jay Zagorsky alichambua takwimu za maelfu ya Wamarekani: waliofanya vizuri kwenye majaribio ya akili walikuwa na kipato kikubwa zaidi, ila hawakuwa na akiba wala mali kuwazidi wenzao. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapima wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, India, kabla ya mavuno na baada yake. Mkulima yuleyule alipata alama ndogo alipokuwa hana fedha, kubwa alipokwisha kuuza. Mkulima wa pamba wa Bariadi, anayepanda Novemba au Desemba na kusubiri soko lifunguliwe katikati ya mwaka, anaishi mzunguko huohuo. Ukimpima akili mwezi wa palizi, ghala likiwa tupu, unapima na madeni yake.

Lakini kilichomnyima mkulima wa pamba mali si msimu tu; ni mizani pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa, Tanganyika, walijua kwamba wanunuzi wanawapunja kwenye mizani. Wakaweka wapimaji wao vituoni, wakaunda vyama vya msingi, na mwaka 1955 kiongozi wao Paul Bomani na wenzake wakaviunganisha kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria. Kufikia 1959 ushirika ulikuwa unanunua pamba yote ya jimbo. Mtu atasema: mbona ndugu wawili hurithi shamba moja, mmoja akainuka na mwingine akafilisika? Ndiyo, kati ya hao huenda akili ilichangia, pamoja na mvua na maradhi. Lakini akili za jimbo zima haziongezeki ndani ya miaka kumi. Waliopunjwa mwaka 1950 na wenye ushirika wa 1959 walikuwa watu walewale, na kilichokuwa kimebadilika ni nani anayeshika mizani.