Televisheni Kuukuu za Rangi na Siri ya Ombwe

Mwaka 1954 kampuni ya RCA ya Marekani ilianza kuuza televisheni ya rangi iliyoitwa CT-100, iliyotengenezwa katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana. Bei yake ilikuwa dola 1,000, na tyubu yake ya picha ilikuwa ya inchi 15 tu. Leo zile chache zilizosalia hutafutwa sana na wakusanyaji, ambao haja yao si kuzipamba sebuleni, bali kuzifufua.

Kazi hiyo yataka subira. Fundi stadi hathubutu kuitia umeme mara moja televisheni iliyolala miaka mingi. Kapasita za zamani zilitengenezwa kwa karatasi na nta. Karatasi hufyonza unyevu, umeme ukavuja, na transfoma ikaungua. Hivyo kapasita hizo hubadilishwa kwanza, kisha umeme huongezwa kidogo kidogo. Tena yafaa ikumbukwe kwamba hata chombo kilichozimwa huweza kuhifadhi chaji ya maelfu ya volti.

Kapasita, rezista na valvu huweza kubadilishwa. Shida kubwa imo katika tyubu ya picha. Ndani yake mna ombwe, ambamo mizinga mitatu hurusha elektroni kupitia bamba la metali lenye matundu madogo mno, zikagonge vitone vya unga unaong'aa kwa rangi nyekundu, kijani na buluu. Hewa ikipenya, elektroni huzuiwa njiani na picha hutoweka. Haya ndiyo maradhi ya tyubu nyingi za CT-100: hewa huingia pale kioo kilipoungwa na metali.

Hapo zamani zilikuwapo karakana zilizofungua tyubu, kutia mizinga mipya, na kuinyonya hewa upya. Mojawapo ya zile za mwisho huko Marekani, iliyokuwa Des Moines, ilifungwa mwaka 2010. Nyingine, ya Ufaransa, ilifungwa mwaka 2013. Tangu hapo, tyubu ya CT-100 iliyo nzima imekuwa adimu kuliko televisheni yenyewe.

Hapa pana funzo kwa kila mpenda sayansi. Chombo huweza kukaa kabatini karne nzima na kisiharibike sana. Ustadi hauwekwi kabatini; hukaa mikononi mwa fundi, na usiporithishwa kwa mwanafunzi, huzikwa pamoja naye.