Mali bila daftari: hesabu ya kuku wa nyama huanzia kwenye yai

Jumamosi, Machi 21, 2020, jioni, nilikuwa bandani kwangu hapa Gisenyi nikiwamwagia maji kuku 600 waliotimiza siku 30. Redio ilikuwa imening'inizwa mlangoni. Habari ikatoka kwamba mipaka yote ya nchi inafungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, isipokuwa kwa mizigo na kwa raia wanaorejea nyumbani. Malori yangeendelea kupita. Lakini kuku wangu hawakuwa wa kupanda lori. Walikuwa wa akina mama wanaovuka kwa miguu pale Petite Barrière, tenga kichwani, kwenda kuuza Goma.

Nikaketi juu ya mfuko wa chakula nikaanza kupiga hesabu. Kuku wa nyama anapofika wiki ya sita hula karibu gramu 180 kwa siku. Kuku 600 ni kilo 108, yaani mifuko miwili ya kilo 50 na ushee, kila siku inayopambazuka. Mnunuzi hayupo, na kuku hajui kwamba mpaka umefungwa.

Pigo la pili lilikuja Jumatatu. Simu ililia, alikuwa kijana wa kituo ninakonunua vifaranga.

"Shikamoo mzee. Vifaranga wako 600 wanatoka Alhamisi. Utakuja kuwachukua?"

Nikamwambia asitishe, hali si nzuri. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Mzee, mayai yana siku 18. Leo asubuhi tumeyahamishia kwenye kabati la kuangulia. Yai halirudi nyuma."

Ndugu msomaji, nilikuwa nimefanya biashara hii miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba ahadi yangu ilianza Machi 5, siku mayai yale yalipoingia mashineni, wala si siku nitakayoshika boksi la vifaranga. Niliwachukua 200 tu. Malipo ya awali ya wale 400 waliobaki yakapotea. Na wale 600 wa kwanza niliwauza mmoja mmoja kwa majirani, kwa nusu ya bei ya Goma, mpaka wa mwisho akaondoka akiwa na siku 58. Baa zilikuwa zimefungwa, mikahawa ilibaki kuuza chakula cha kubeba, na kila mfugaji wa mji huu alikuwa na kuku mlangoni.

Siku 63 zisizorudi nyuma

Niliporudi nchini kutoka Karagwe mwaka 1995, nilikuja na mke, watoto wawili na ujuzi wa kufuga kuku wa kienyeji. Kule hesabu ilikuwa rahisi. Kuku mwenyewe ndiye alikuwa karani: ukimwona ametulia juu ya mayai 12, unajua baada ya wiki tatu utaona nini. Kuku wa nyama ni habari nyingine, kwa sababu anayeatamia ni mashine, tena iko mbali, na wewe unakutana na mtoto tu.

Mambo huenda hivi. Mayai ya kuku wazazi hukusanywa na kuwekwa chumba chenye ubaridi, kwa kawaida yasizidi wiki moja, maana yakikaa sana uhai wake hupungua. Kisha huingizwa kwenye mashine ya kutotolesha yenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi, na kugeuzwa karibu kila saa ili mtoto asigande upande mmoja wa ganda. Siku ya 18 huhamishiwa kwenye trei za kuangulia. Siku ya 21 vifaranga hutoka. Wakikauka huchaguliwa, huchanjwa, huhesabiwa na kupangwa kwenye maboksi ya 100, kila boksi likiwa na vyumba vinne vya 25.

Baada ya hapo ndipo mfugaji anapowaingiza bandani na kuwalea kwa siku 35 hadi 42. Jumlisha 21 na 42, unapata siku 63, yaani wiki tisa kamili.

Sasa tuseme unataka kuku wa Krismasi, wawe tayari Desemba 20. Rudi nyuma siku 42, unafika Novemba 8: hiyo ndiyo siku ya vifaranga kuingia bandani. Rudi tena siku 21, unafika Oktoba 18: hiyo ndiyo siku ya mayai kuingia mashineni. Anayekwenda kuagiza mwishoni mwa Novemba, anafuga kuku wa Januari, wakati watu wanatafuta ada za shule.

Hesabu ya pili ni ya upotevu. Chukua mayai 1,000. Yakiangua 80 kwa kila 100, unapata vifaranga 800. Ondoa 20 walio dhaifu au wenye vitovu vibichi, wanabaki 780. Bandani wakifa watano kwa kila 100, utauza kuku 741. Kwa hiyo anayehitaji kuku 1,000 sokoni hawezi kupanga kwa mayai 1,000. Atahitaji kama 1,350.

Marekani huhesabu kila wiki

Daktari mmoja wa mifugo, tuliyefahamiana tangu Karagwe, alinikuta mwaka ule nikiwa nimekata tamaa. Akatoa simu yake akanionyesha jedwali la tarakimu. "Kaka," akaniambia, "hawa wenzetu hawasubiri kuku afike sokoni ndipo wajue kama ni wengi."

Jedwali lile ni la Wizara ya Kilimo ya Marekani, taarifa iitwayo Broiler Hatchery, ambayo hutolewa kila wiki, siku ya Jumatano. Inakusanya habari za majimbo 19 yanayofuga kuku wa nyama kwa wingi, yakiwemo Georgia, Alabama na Arkansas. Haihesabu kuku wakubwa. Inahesabu mayai yaliyoingizwa mashineni wiki hiyo na vifaranga waliopelekwa mabandani wiki hiyo, ikilinganisha na wiki kama hiyo ya mwaka uliopita. Katika mwaka 2024, kwa wiki moja tu, mayai yaliyoingizwa yalizidi milioni 230 na vifaranga waliopelekwa mabandani walizidi milioni 180.

Faida yake ni nini? Mwenye machinjio akiona mayai yamepanda wiki hii, anajua kazi itaongezeka karibu wiki tisa mbele. Muuza mahindi na soya anajua vinywa vingapi vinakuja. Mnunuzi wa nyama anajua kama bei itapanda au itashuka. Hakuna uganga hapo. Yai likishaingia mashineni, kinachobaki ni kalenda.

Tarakimu hizo hufichua pia magonjwa ya biashara yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, Wamarekani walikuwa wakipata vifaranga karibu 84 kwa kila mayai 100. Miaka ya karibuni wamekuwa wakipata kama 79. Sababu mojawapo inayotajwa ni kwamba kuku walivyochaguliwa wawe wazito zaidi, ndivyo uzazi wao ulivyolegea. Asiyeandika kila wiki asingeona upungufu huo mpaka siku atakapokosa vifaranga.

Nilimwuliza daktari, "Je, hao wenye hesabu zote hizo, Korona haikuwagusa?" Akasema iliwagusa sana. Aprili 2020, mashambani mwa Delaware na Maryland, ilitangazwa kwamba karibu kuku milioni mbili wangeuawa bila kufika sokoni, kwa kuwa wafanyakazi wa machinjio walipungua kwa sababu ya ugonjwa. Lakini walichofanya baada ya hapo ndicho nilichokishika. Makampuni yalipunguza mayai ya kuingiza mashineni, na majedwali ya wiki zilizofuata yakaonyesha vifaranga wachache kuliko mwaka 2019. Hesabu haikuwazuia kupata hasara ile ya kwanza. Iliwawezesha kupunguza ya pili.

Mimi nilipata ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kwa sababu sikuwa na daftari.

Kifaranga na mpaka

Kwa sisi wa mipakani kuna jambo jingine. Kifaranga anapotoka kwenye ganda, amebakiwa na kiini cha yai tumboni, ambacho kinaweza kumweka hai kwa siku mbili hadi tatu bila kula. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa. Wengi wetu tunadhani muda huo ni wa kupoteza njiani. La hasha. Kila saa anayokaa kwenye boksi inamchosha, na kifaranga aliyechelewa kunywa maji hakui sawa na mwenzake.

Tena mpaka haujui huruma karatasi zikikosekana. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ilipothibitishwa Uganda, Rwanda ilisimamisha kuingiza kuku na mazao yake kutoka huko. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huohuo, pale Namanga, Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya, kwa maelezo kwamba wameingia kinyume cha sheria ya kuzuia ugonjwa huo. Mtu anaweza kulia juu ya ukali ule, na wengi walilia. Lakini mwenye mali aliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo swali la vifaranga wametoka wapi, kituo gani, siku gani, na kwa cheti gani, si la afisa wa mifugo peke yake. Ni lako wewe unayetoa fedha.

Safu nne za daftari

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2021, wafugaji saba wa hapa tulikubaliana kukutana kila Jumamosi na daftari moja la shule. Tulilichora safu nne.

Safu ya kwanza ni mayai: kila mmoja anataja vifaranga alioagiza na tarehe mayai yao yatakapoingia mashineni. Hii ndiyo safu tunayoitazama kwa makini kuliko zote, kwa sababu kabla ya siku hiyo oda hufutika kwa simu moja, na baada ya siku hiyo umefunga ndoa.

Safu ya pili ni vifaranga walioingia bandani: tarehe, kituo walikotoka, idadi kwa kuhesabu mwenyewe, na waliofika wamekufa. Usikubali kuandika kile kilichoandikwa kwenye boksi. Hesabu.

Safu ya tatu ni wiki ya kwanza. Tunaandika vifo na uzito wa siku ya saba. Kifaranga mzuri hutoka na gramu kama 40, na kwa siku saba anapaswa kufikia mara nne ya uzito huo. Vifo vikizidi mmoja kwa kila 100 katika wiki hiyo, tunauliza: je, joto lilikuwa nyuzi 32 au 33 siku za mwanzo? Maranda yalikuwa makavu? Na kama wafugaji watatu waliochukua kituo kimoja wote wamepoteza wengi, basi tatizo halikuanzia bandani kwetu, nasi tunakwenda kituoni na ushahidi mkononi.

Safu ya nne ni kuku watakaouzwa, kwa wiki. Hapo tunaona kama sote saba tunaelekea kuuza siku moja. Zamani ilikuwa hivyo kila Desemba. Unafika mpakani na matenga, na dada mnunuzi wa Goma anakutazama kwa huruma, anakwambia, "Ndugu yangu, leo kuku iko mingi sana. Rudi nazo." Sasa tunagawana wiki. Wawili wanatangulia, watatu wanafuata, wawili wanabaki kwa ajili ya mwaka mpya. Bei haijawa ya ajabu, lakini hatuui soko kwa mikono yetu wenyewe.

Januari 2025

Daftari lile lilijaribiwa mwishoni mwa Januari 2025, mapigano yalipoingia Goma. Huku kwetu tulisikia milio, na watu wakavuka wakiwa na watoto mgongoni. Hiyo haikuwa siku ya kuulizia bei ya kuku. Kwanza tuliwatafuta wateja wetu kwa simu kujua kama wako hai.

Jumamosi iliyofuata tulikutana kama kawaida. Tukafungua safu ya kwanza. Kati yetu saba, watano walikuwa na oda ambazo mayai yake hayajaingia mashineni. Simu tano zikapigwa palepale, oda tano zikasimamishwa. Wawili mayai yao yalikuwa yameshaingia. Tukakubaliana kugawana vifaranga wale mabandani mwetu sote saba, kila mmoja abebe kidogo. Kuku waliokuwa tayari tuliwapeleka masoko ya ndani kwa zamu, kwa kuwa tulijua ni wangapi na wa siku gani. Tulipata hasara, sitadanganya. Lakini hakuna aliyefunga banda.

Jioni ile yule kijana wa kituo alinipigia kuthibitisha kwamba amefuta oda yangu. Nikamwuliza mayai yangeingia lini.

"Jumatatu, mzee," akasema. "Umewahi."