Safari ndefu ya miguu na mtoto: uchague miezi gani?

Mama au mlezi, kama unapanga kutembea mwendo mrefu na mtoto kutoka Litapunga, iwe kusalimia ndugu au kupanda mlima, chagua Juni au Julai. Mvua zetu hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili: njia huteleza, mito hujaa na mbu wa malaria huongezeka. Septemba na Oktoba njia ni kavu, lakini jua ni kali na mtoto hupungukiwa maji haraka.

Hata Juni, ondokeni alfajiri, na jua likianza kuwa kali mpumzike kivulini. Asubuhi kuna baridi, hivyo mfunike mtoto, kisha mpunguzie nguo kukipata joto. Mtoto wa chini ya miezi 6 mnyonyeshe mara kwa mara; hahitaji maji. Mkubwa zaidi mpe maji yaliyochemshwa.

Akilegea, macho yakiingia ndani, au asipokojoa kwa saa 6, mpeleke kituo cha afya mara moja. Akipata homa baada ya safari, apimwe malaria siku hiyohiyo.

Tarehe ya chanjo, hata hivyo, haingoji kiangazi. Mpeleke mtoto kliniki hata wakati wa mvua.