Kivumishi "-ungwana" na Njia ya Ufipa
Kivumishi "-ungwana", ambacho leo mjini Sumbawanga humsifu mtu mwenye adabu, katika miji ya pwani ya karne ya 19 kilimhusu kwanza mtu huru, yaani asiye mtumwa. Misafara ya biashara kutoka pwani ilipoingia bara, ikiwemo njia ya Ufipa, eneo la Sumbawanga, wapagazi wengi, hata waliokuwa watumwa, walijiita waungwana ili wajitenge na wenyeji waliowaita washenzi, tamko la dharau ambalo Wafipa, wenyeji wa Ufipa, hawakulistahili kamwe, kwani waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo na kulima ntumba, matuta yanayorutubishwa kwa majani yaliyofukiwa. Utumwa ulipopigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, maana ya mtu huru ilififia na ile ya mwenendo ikatawala, ilhali mashariki mwa Kongo Kiswahili cha misafara kiliitwa Kingwana, jina lililotokana na neno hilohilo.