Rifleksolojia: Mteja Atarajie Nini

Rifleksolojia ni aina ya tiba mbadala ambamo mtoa huduma hubonyeza sehemu maalumu za unyayo kwa nadharia kwamba kila sehemu ina uhusiano na kiungo fulani cha mwili, na hapo ndipo inapotofautiana na ukandaji wa kawaida wanaoujua wakazi wa Musoma, Bunda na Butiama nchini Tanzania, ambao lengo lake ni kulegeza misuli iliyochoshwa na uvuvi, kilimo au kusimama sokoni kutwa. Ramani ya nyayo inayotumika leo ilienezwa na Mmarekani Eunice Ingham, aliyechapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1938.

Kikao huchukua takriban dakika 30 hadi 60, na mteja huvua viatu na soksi tu. Mtoa huduma makini huanza kwa kuuliza kuhusu ujauzito, kisukari na dawa zinazotumiwa, hukagua ngozi hadi katikati ya vidole, kisha hukunja na kukunjua kidole gumba chake ili kitambae kama kiwavi kutoka kisiginoni kuelekea vidoleni. Katika ramani hiyo vidole huwakilisha kichwa, upinde wa unyayo huwakilisha tumbo, na ukingo wa ndani huwakilisha uti wa mgongo. Mteja akisikia maumivu kisiginoni, haifai aambiwe kwamba nyonga zake, zinazohusishwa na kisigino, zina ugonjwa, kwa kuwa maumivu hayo mara nyingi hutokana na utando mgumu unaoshikilia upinde wa unyayo. Vilevile, maji ya beseni la umeme la kulowekea miguu yanapogeuka kahawia hayaoneshi sumu iliyotoka mwilini, bali kutu ya chuma cha kifaa chenyewe; kazi ya kuondoa taka mwilini ni ya ini na figo.

Kinachoweza kutarajiwa kwa haki ni utulivu, usingizi mzuri na nafuu ya muda ya uchovu, na hilo si jambo dogo kwa mtu aliyefanya kazi ya sulubu, lakini tafiti hazijathibitisha kwamba njia hii inatambua au kuponya ugonjwa wowote.

Tahadhari kubwa zaidi inamhusu mwenye kisukari, ambaye mishipa yake ya fahamu ikiharibika hupata ganzi, yaani hupoteza hisia za miguu, hivyo anaweza kubonyezwa hadi akaumia, au kuunguzwa na maji ya moto, bila kujua, na kidonda kidogo kikaishia kwenye kukatwa mguu. Mguu uliovimba ghafla upande mmoja, ukiwa na joto na maumivu, nao usikandwe kabisa, kwani huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mwenye dalili hiyo awahishwe hospitali.

Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyounda Baraza linalosajili watoa huduma hizo. Mteja aombe kuoneshwa cheti cha usajili kabla ya kuvua viatu, na asiache dawa alizoandikiwa na daktari kwa sababu ya ahadi ya mtoa huduma.