Mzee Aliyerudi Utotoni: Tuliyoyaona Katika Sinema ya Benjamin Button



Wasomaji wetu wapenzi, si desturi yetu kuzijaza kurasa hizi habari za waigizaji. Lakini filamu iitwayo The Curious Case of Benjamin Button, iliyoongozwa na David Fincher na kutoka mwaka 2008, tuliitazama hapa Cato Manor pamoja na jamaa kadhaa, na mazungumzo yaliyoifuata yalikuwa marefu kuliko filamu yenyewe, nayo ni ya saa 2 na dakika 46. Tumeona si vibaya kuwashirikisha.

Kisa chenyewe kimetokana na hadithi fupi ya F. Scott Fitzgerald iliyochapishwa mwaka 1922, ingawa mengi yamebadilishwa. Mtoto anazaliwa mjini New Orleans, Marekani, mwaka 1918, siku Vita Kuu ya Kwanza ilipokoma. Anazaliwa na mwili wa kikongwe: ngozi imekunjamana, macho yana mtoto wa jicho, viungo vimekakamaa. Mama yake anafariki kwa uzazi. Baba yake, tajiri mwenye kiwanda cha vifungo, anaingiwa na hofu na kumtelekeza kwenye ngazi za nyumba ya kulelea wazee. Anayemwokota ni Queenie, mwanamke mweusi anayewahudumia wazee hao, na yeye ndiye anayekuwa mama yake. Tangu hapo, kila mwaka unaopita unampunguzia Benjamin uzee badala ya kumwongezea.

Mwaka 2009 filamu hii ilipata tuzo 3 za Oscar, mojawapo ikiwa ya urembaji wa sura. Aliyemwona Brad Pitt akigeuzwa babu wa miaka 80 hatashangaa. Hata hivyo twawatahadharisha wazazi: imo mandhari ya ulevi, ya danguro na ya mapenzi nje ya ndoa. Si ya kutazamwa na watoto, na mkubwa naye ainamishe macho panapostahili.

Mmoja wetu aliuliza kama si makosa kubuni kisa kinachopindua maumbile ya Mwenyezi Mungu. Tulimkumbusha kwamba Waislamu hatukuwa wageni wa habari za umri usiokwenda kwa kawaida. Ijumaa kwa Ijumaa twasoma Suratul Kahf, yenye vijana waliolala pangoni miaka 300 na 9 ya ziada; na katika Suratul Baqara yumo mtu aliyefishwa miaka 100 kisha akafufuliwa, hali chakula chake hakijaharibika. Hizo ni ishara za kweli, na sinema ni mchezo wa kubuni tu, hatuzilinganishi. Lakini hata katika dunia tuionayo kuna maradhi yaitwayo projeria, ambayo humzeesha mtoto kabla ya wakati wake. Nchini humu alikuwapo Leon Botha wa Cape Town, mchoraji mwenye maradhi hayo, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na miaka 26, umri ambao ni wachache sana wenye projeria hufikia. Aliyemtazama kwa pupa aliona mzee. Aliyekaa naye alimwona kijana mwenye kipaji.

Basi kiini cha filamu ni nini? Kwa maoni yetu, si ile ajabu ya umri kurudi nyuma. Ni swali la nani atakayekupokea utakapokuwa dhaifu. Benjamin anapendana na Daisy, mcheza dansi aliyemfahamu tangu utoto wa binti huyo. Umri wao unakutana kwa muda mfupi, wanapata mtoto wa kike, kisha Benjamin anaondoka, kwa kuwa hataki Daisy alee watoto wawili. Anarudi mwishoni akiwa na sura ya mvulana na maradhi ya kusahau, hamkumbuki yeyote. Daisy, ambaye sasa ni bibi kizee, anahamia katika nyumba ileile ya wazee, anamlisha, anamshika mkono, na mwaka 2003 anamfia mikononi akiwa kichanga.

Hapo ndipo wengi wetu tulipofuta machozi, na si kwa ajili ya Benjamin. Qur'ani imetufundisha katika Suratur Rum kwamba binadamu huanza na udhaifu, akapewa nguvu, kisha akarudishwa katika udhaifu na mvi. Na sisi tulio ugenini tumeongezewa jambo jingine: umri wa nyumba zetu umepinduka. Baba aliyekuwa msemaji wa ukoo kule Bukavu au Kigoma hapa ananyamaza mbele ya karani, naye mtoto wake wa miaka 10, aliyejifunza Kiingereza na Kizulu shuleni, ndiye anayemsemea. Mtoto anamfasiria mama yake maneno ya daktari ambayo hakupaswa kuyasikia katika umri huo. Mtoto amezeeka mapema, na mzazi amerudishwa utotoni ilhali nguvu zake anazo.

Hili halina budi kutazamwa kwa busara. Mtoto asidhani kwamba kujua lugha kumemfanya mkubwa wa baba yake. Tumekatazwa kuwaambia wazazi hata neno dogo la kuudhika, na dua tuliyofunzwa kuwaombea katika Suratul Israa yatukumbusha kwamba nao walitulea tulipokuwa wadogo. Mzazi naye asimtwike mtoto mzigo wa mtu mzima: panapozungumzwa maradhi mazito au hati za ukimbizi, na atafutwe jirani mtu mzima wa kufasiri.

La mwisho ni lile daftari. Kisa chote twakipata kwa sababu Benjamin aliandika kumbukumbu zake, naye binti yake anamsomea Daisy hospitalini huku kimbunga Katrina cha mwaka 2005 kikikaribia. Kwa daftari hilo ndipo binti anapomjua baba yake. Mtaa huu wa Cato Manor wenyewe watufundisha hivyo: wakazi wake wengi walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1950 na 1960, wakapelekwa KwaMashu, Umlazi na Chatsworth, na habari za Mkhumbane ya zamani zimetufikia kwa sababu wazee walizisimulia. Basi nasi tuwaulize wazee wetu, wa hapa na wa kwenye simu, ya safari na ya nyumbani, tuyaandike wangali wanakumbuka.

Mwenyezi Mungu atujaalie umri wenye kheri, na watoto watakaotushika mkono. Amin.