Kupima Bustani Kabla ya Kuchimba

Watu wengi wakitaka kufanya bustani ya mboga huanza kwa kukata nguzo, kisha huzungusha wigo kwa kadiri nguzo zilivyotosha. Hudhani kwamba wigo ulio sawa huzunguka ardhi iliyo sawa. Sivyo hata kidogo, na kutojua jambo hili kwaweza kuleta hasara, hata ugomvi nyumbani.

Nilipata kuona ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, ambao kila mmoja alikata nguzo 44 ili kuzuia mbuzi. Mkubwa alifanya bustani ya mraba, kila upande mita 11. Mdogo aliona afadhali aufuate mto, akafanya bustani ya urefu wa mita 20 na upana wa mita 2. Wote wawili walisimamisha nguzo moja kwa kila mita, wala hazikuzidi wala hazikupungua. Wakapanda mboga za namna moja, siku moja. Wakati wa kuvuna, mkubwa alipata vikapu vitatu kwa kila kimoja cha mdogo wake. Basi mdogo akaanza kusema kwamba kaka yake ametia dawa shambani, na maneno hayo yakafika mbele ya wazee.

Wazee waliniita niandike shauri lao, kwa kuwa mimi ni karani. Niliomba ruhusa tupime kwanza kwa kamba.

Yako mambo mawili ya kupima, nayo si mamoja. Mzunguko ni jumla ya pande zote. Huo waonyesha nguzo na fito ngapi zatakiwa. Eneo ni ukubwa wa ardhi iliyo ndani. Hilo laonyesha miche na mbolea kiasi gani. Kwa bustani ya pembe nne mraba, jumlisha pande zote upate mzunguko, na zidisha urefu kwa upana upate eneo. Tazameni:

Mita 20 kwa 2: mzunguko mita 44, eneo mita za mraba 40.
Mita 14 kwa 8: mzunguko mita 44, eneo mita za mraba 112.
Mita 11 kwa 11: mzunguko mita 44, eneo mita za mraba 121.

Hapakuwa na dawa yo yote. Mdogo alilima theluthi moja tu ya ardhi aliyolima kaka yake.

Duara hushinda hata mraba. Duara lenye upana wa mita 14 katikati lina mzunguko wa mita 44 hivi, na eneo la mita za mraba 154. Kwa hiyo boma la mifugo la mviringo, kama wafanyavyo Wamasai, halipotezi miti. Lakini matuta yaliyonyoka hayakai vema ndani ya duara, na kwa mboga mraba wafaa zaidi.

Tena pande nne zilizo sawa hazitoshi, maana zikilala upande eneo hupungua. Chukua kamba yenye vipande 12 vilivyo sawa, unganisha ncha zake, uivute iwe pembe tatu yenye pande za vipande 3, 4 na 5. Pembe iliyo kati ya 3 na 4 ndiyo pembe mraba. Ifuate katika kila kona.

Sasa gawa ndani. Katika mraba wa mita 11, acha njia ya mita 1 kandokando ya wigo. Zitabaki mita 9 kwa 9. Humo yaenea matuta 6 ya upana wa mita 1, na njia 5 za sentimita 60 kati yake. Matuta yote ni mita za mraba 54. Hizo ndizo utakazohesabia mbolea, si zile 121. Debe moja la lita 20 hufunika mita za mraba 2 kwa unene wa sentimita 1. Basi madebe 27 yatosha. Kabichi zikipandwa mistari miwili, nusu mita kati ya mche na mche, kila tuta lachukua miche 36.

Yule mdogo aling'oa nguzo zake, akazisimamisha upya kwa mraba, karibu na mto kama alivyopenda. Hakukata mti hata mmoja zaidi. Kaka yake ndiye aliyemshikia kamba.